Ndege Zisizoruka na Mafundi Wake

Katika barua nilizozipokea mwezi huu iko moja iliyonikaa moyoni kuliko zote. Imetoka kwa kijana wa Wamunyu, upande wa Machakos, ambako kama mjuavyo nyumba isiyo na mchongaji ni ya kutafutwa. Kijana huyu asema amemaliza shule, lakini mikono yake haitulii: huchonga eropleni za mbao, ndogo, ambazo kubwa kupita zote haizidi urefu wa mkono. Kaka yake, ambaye ndiye aliyemlipia karo, amemkemea sana. Amemwambia kwamba huo ni mchezo wa watoto, na kwamba mtu aliyesoma hushika kalamu, hashiki patasi. Mwishoni kijana ananiuliza, "Mzee, yuko mtu ye yote duniani alipwaye mshahara kwa kutengeneza ndege ndogo zisizoruka?"

Ananiita Mzee, na mimi sijafika miaka arobaini. Nimemsamehe, kwa sababu swali lake ni zuri, na jibu lake ni hili: Ndiyo, wako, na eropleni nyingi uzionazo angani zimepita kwanza mikononi mwao.

Lakini kabla ya kusimulia habari zao, yanipasa nikiri jambo moja. Mimi ni karani, na sehemu kubwa ya kazi ya karani ni kunakili. Katika mwaka wangu wa pili kazini, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilipewa barua ya kuagiza magunia 1,200 ya mbegu za mahindi. Nilipoipiga chapa upya nikaandika 120. Bwana mkubwa akatia sahihi bila kuisoma, barua ikaenda, na magunia 120 yakaja. Kosa lilivumbuliwa baada ya majuma mawili, kwa maana barua ya asili ilikuwa katika faili, nasi tukailinganisha na nakala. Lakini mvua haingoji faili. Watu walipanda walichokuwa nacho nyumbani, na wengine hawakupanda kitu.

Nalitaja jambo hilo kwa sababu fundi wa ndege zisizoruka naye ni mnakili. Tofauti yetu ni moja, nayo yanitisha. Mimi ninaponakili, asili iko tayari, na kosa laweza kuonekana kwa kulinganisha. Yeye hutengeneza nakala ya kitu ambacho bado hakijakuwako. Eropleni yenyewe ingali mistari juu ya karatasi, na hiyo nakala ndogo ndiyo itakayoulizwa kama ile kubwa itaruka au itaanguka. Nakala ikiwa na kosa, itajibu kwa uaminifu, lakini itajibu habari za ndege nyingine.

Mahali pa kuulizia huitwa handaki la upepo. Msidhani ni shimo lililochimbwa ardhini. Ni bomba kubwa au sanduku refu, ambalo ndani yake upepo huvutwa kwa pangaboi, na katikati husimamishwa ule mfano wa ndege juu ya mizani. Mtu aendeshaye baiskeli asubuhi isiyo na upepo hupigwa na upepo usoni. Na mtu asimamaye mahali pamoja upepo ukavuma kwa mwendo ule ule, atapigwa vivyo hivyo. Basi hakuna haja ya kurusha mfano. Huachwa umetulia, ukaletewa upepo, na mizani ikaonyesha ni nguvu gani inayouinua na ni nguvu gani inayourudisha nyuma. Handaki la kwanza la namna hii lilitengenezwa Uingereza mwaka 1871 na Francis Wenham, miaka zaidi ya thelathini kabla ya eropleni yenye injini kuruka.

Walioonyesha faida yake kamili walikuwa mafundi wa baiskeli. Wilbur na Orville Wright walikuwa na duka la baiskeli huko Dayton, katika jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka 1901 walipeleka ufukoni, karibu na Kitty Hawk, ndege yao isiyo na injini, ambayo waliipima kwa hesabu za vitabu vilivyoaminiwa. Iliwainua kwa kadiri ya theluthi moja tu ya nguvu waliyoitazamia. Walirudi nyumbani wamevunjika moyo. Lakini badala ya kulaumu mikono yao, walianza kuvishuku vitabu.

Na hapa karani mwenzangu atege sikio. Katika hesabu hizo ilikuwamo tarakimu moja ya nguvu ya upepo, iliyohusishwa na Mwingereza John Smeaton, ambaye mwaka 1759 aliandika habari za vinu vya upepo. Ilisema 0.005. Watu waliinakili kutoka kitabu hadi kitabu kwa zaidi ya miaka mia. Ndugu hao wawili walipopima wenyewe waliona kwamba yapasa iwe kama 0.0033. Kosa la namna ile ile ya magunia yangu ya mbegu, ila hili lilidumu zaidi ya karne nzima, na kila aliyelinakili alikuwa mtu msomi.

Katika majira ya baridi yaliyokaribia, mwaka ule ule wa 1901, walitengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa futi 6 na upana wa inchi 16, wakalitia pangaboi lililozungushwa na mashine za dukani, upepo ukaenda maili kama 27 kwa saa. Mizani yake waliitengeneza kwa vipande vya nyembe za msumeno wa chuma na nyaya za spoki za baiskeli. Kisha wakakata mabawa madogo kwa bati la chuma, lenye unene wa sehemu moja ya 32 ya inchi, kwa mkasi wa bati. Waliyakunja kwa nyundo, wakayasugua kwa tupa, na palipohitaji unene wakaongeza nta au lehemu. Mabawa mengi kati ya hayo yangeweza kufunikwa kwa kiganja cha mtu. Walijaribu maumbo kama 200 katika majuma machache. Walipata kuwa bawa refu na jembamba hushinda bawa fupi na pana, wakaijenga upya ndege yao mwaka 1902, na tarehe 17 Desemba, 1903, ile yenye injini ikaruka kwa sekunde 12, futi 120. Watu wengi huikumbuka siku ile ya Desemba. Mimi hukumbuka zaidi zile tupa na nta.

Huenda kijana wetu akafikiri kwamba yatosha kupunguza kila kipimo kwa kadiri moja, na kazi imekwisha. Sivyo. Upepo wenyewe haupungui pamoja na mfano. Kwa nzi mdogo hewa ni nzito mno kuliko ilivyo kwa tai. Nzi huogelea katika hewa kama mtu aogeleaye katika uji. Kanuni ya jambo hili ilitokana na majaribio ya maji katika mabomba, yaliyofanywa Manchester na Osborne Reynolds, aliyeyatangaza mwaka 1883. Kwa hiyo mfano uliopunguzwa mara 20 huweza kutoa majibu ya ndege ndogo sana, ambayo siyo majibu ya ndege ya watu.

Dawa yake ilipatikana Hampton, katika jimbo la Virginia, kwenye maabara ya Langley iliyokuwa ya baraza la serikali ya Marekani la mambo ya urukaji, lililoitwa kwa kifupi NACA. Mwaka 1922, kwa shauri la mhandisi Max Munk aliyetoka Ujerumani, walitengeneza handaki la upepo ndani ya tangi la chuma lenye uzito wa tani 85, lenye kuta zenye unene wa inchi zaidi ya 2. Humo waliishindilia hewa mpaka ikawa nzito mara 20 kuliko hewa tuivutayo. Mfano mdogo mara 20, hewa nzito mara 20: hesabu zikakutana.

Lakini mzigo ukawaangukia mafundi. Katika hewa iliyoshindiliwa hivyo, bawa la mbao laini halingestahimili. Basi mabawa ya kupimwa yalichongwa kwa madini, yakiwa na upana wa inchi 5 na urefu wa inchi 30. Tena upepo mzito huhisi vitu ambavyo upepo mwepesi huvipita. Mwaka 1932 mhandisi Eastman Jacobs wa maabara ile alitoa taarifa nzima juu ya vitu vidogo vitokezavyo juu ya bawa, namna vinavyopunguza nguvu ya kuinua na kuongeza ile ya kurudisha nyuma, hasa vikiwa karibu na ukingo wa mbele. Bawa lililosuguliwa vibaya lingeweza kuhukumiwa kuwa ni umbo baya, kumbe umbo halina hatia. Mwenye hatia ni msasa.

Mwaka 1933 walitoa majibu ya mabawa 78 yenye maumbo ya jamaa moja, kila moja likiwa na jina la tarakimu nne. Chukueni 2412 kwa mfano. Ile 2 ya kwanza ni kimo cha mgongo wa bawa, sehemu 2 kwa mia za upana wake. 4 ni mahali pa mgongo huo, sehemu 4 katika 10 kutoka ukingo wa mbele. Na 12 ni unene, sehemu 12 kwa mia. Ndilo umbo la bawa la Cessna 172, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955, ambayo kwa wingi wake imezishinda ndege zote zilizopata kuundwa. Ukisimama karibu na uwanja wa Wilson hapa Nairobi hutangoja sana kabla ya kuona ndege ndogo za jamii ya Cessna. Zipandapo, fikiri habari ya fundi aliyekisugua kile kipande cha inchi 5.

Na wazee wetu waliosafiri kwa Dakota za East African Airways, kabla shirika lile halijafungwa mwaka 1977, walibebwa na kazi kama hiyo. Babu yake Dakota, iitwayo DC-1, ilijaribiwa kwa mfano katika handaki la chuo cha California Institute of Technology, mjini Pasadena, kabla haijaruka mwaka 1933. Atakayeitazama Dakota ya zamani ataona kwamba pale bawa linapoungana na kiwiliwili hapana pembe kali. Pamejazwa na kulainishwa kama kwapa la mtu mnene. Umbo hilo halikutokana na kupenda uzuri. Mahandaki ya upepo yalionyesha kwamba katika pembe kali upepo hujisokota na kuitikisa ndege mkiani.

Sasa tuingie karakana. Kwa ajili ya upepo wa polepole mfano huweza kuwa wa mbao, lakini si ubao mmoja. Ubao mmoja hupinda majira yakibadilika. Basi fundi huunganisha mbao nyembamba kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, ndipo achonge. Kwa upepo wa kasi hutumia alumini au chuma cha pua au chuma kingine kigumu, kwa sababu nguvu zinazolivuta bawa dogo huwa kubwa ajabu, na kipande kikikatika hupeperushwa mpaka kwenye pangaboi na kulivunja. Fundi akimaliza bawa huliwekea vigezo, yaani vipande vya bati vilivyokatwa kwa umbo halisi la mahali mbalimbali pa bawa, akaangalia kama vinakaa sawasawa. Kosa la sehemu moja ya elfu ya inchi juu ya mfano mdogo mara 20 ni sawa na kosa la sehemu 20 za elfu juu ya ndege yenyewe. Unene wa karatasi chache hivi za ofisini kwangu.

Kisha yako matundu. Ili kujua upepo unasukuma wapi na kunyonya wapi, hutobolewa matundu membamba juu ya bawa, mengine si mapana kuliko ncha ya kalamu, na kila tundu huunganishwa na kijibomba kipitacho ndani ya mfano mpaka kwenye kipimo. Bawa lenyewe ni jembamba kama kisu, na fundi hutakiwa apitishe ndani yake vijibomba makumi, pasipo kimoja kuvuja wala kuziba. Kila tundu sharti lisimame wima juu ya uso wa bawa, na midomo yake isiwe na hata unywele wa chuma ulioachwa na keekee. Unywele huo ukibaki, kipimo kitasoma uongo, wala hakuna atakayejua. Mkia nao hutengenezwa wa kutolewa na kurudishwa kwa pembe mbalimbali, lakini mahali pa kuunganishia kucha ikipita isikwame.

Jambo la kuchekesha ni kwamba baada ya kulainisha kwa siku nyingi, mara nyingi fundi huambiwa akwaruze. Hubandika karibu na ukingo wa mbele mstari mwembamba wa chembe ndogo kama mchanga, ili upepo uanze kuvurugika pale pale ambapo ungevurugika juu ya ndege kubwa. Chembe zikiwa kubwa mno jaribio huharibika. Zikiwa ndogo mno hazifanyi kazi. Hata ukwaruzi una kipimo chake.

Nisije nikasahau habari za mama mmoja ambaye jina lake lastahili kujulikana huku kwetu. Mary Jackson, Mmarekani mweusi, aliingia Langley mwaka 1951 kufanya hesabu, katika idara ya wanawake weusi waliotengwa na wazungu. Mwaka 1953 akahamia kwenye handaki la upepo uendao karibu mara mbili ya kasi ya sauti. Alipotaka kusomea uhandisi ilimbidi aombe ruhusa ya mji, kwa sababu masomo yalifundishwa katika shule ya wazungu tu. Mwaka 1958 akawa mhandisi, na mwaka huo huo, pamoja na Kazimierz Czarnecki, akatoa taarifa juu ya upepo unavyopita kwenye pia, yaani maumbo kama ncha ya mkuki, na mahali unapoacha utulivu na kuanza kuvurugika. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kama pia yenyewe haikusuguliwa mpaka ikang'aa. Mwenye hesabu na mwenye tupa walitegemeana. Katika miaka ya 1970 mama huyo aliwasaidia vijana wa mji wake wa Hampton kutengeneza handaki lao dogo la upepo, nao wakafanya majaribio. Alifariki mwaka 2005, na makao makuu ya NASA mjini Washington yamepewa jina lake.

Najua kaka wa kijana wetu atasema kwamba siku hizi iko kompyuta. Ni kweli, kompyuta hufanya hesabu za upepo ambazo zamani zingemaliza maisha ya makarani elfu. Mashine nazo hukata chuma zenyewe kwa kufuata tarakimu, na mifano mingine ya upepo wa polepole huchapishwa kwa plastiki ngumu tabaka kwa tabaka. Lakini mahandaki hayakufungwa, kwa sababu hesabu za kompyuta zenyewe hulinganishwa na majibu ya mifano. Huko Langley liko handaki ambamo naitrojeni hupoozwa mpaka nyuzi 157 za sentigredi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo vyuma vingine huvunjika kama gilasi, basi mfano huchongwa kwa chuma cha namna ya peke yake na kung'arishwa kuliko kioo. Hata magari ya mashindano ya Formula One hupimwa katika upepo kwa mifano isiyozidi sehemu 60 kwa mia za ukubwa wake. Mashine ikimaliza kukata, bado yuko mtu apitishaye kidole na kusema, hapa pana kitu.

Basi, mdogo wangu wa Wamunyu, haya ndiyo nikuambiayo, nawe umsomee kaka yako kwa adabu, maana fedha za karo zilitoka mfukoni mwake. Yeye hana kosa kupenda kalamu. Mafundi niliowataja walijua hesabu na kusoma michoro. Asiyejua kugawanya kwa 20 hawezi kazi hii hata mikono yake ikiwa ya dhahabu. Rudia vitabu vyako vya hesabu, na uulize habari za kozi za ufundi wa mashine katika vyuo vyetu, maana kukereza na kupima chuma ndiyo mlango wenyewe. Wala sitakudanganya kwamba kazi hii inakungoja hapo kijijini. Mahandaki haya mengi yako ng'ambo, na wanaoingia ni wachache.

Hizo ndege zako sijaziona, kwa hiyo siwezi kuzisifu. Ila nataka ufanye jambo moja. Chora bawa kwenye karatasi, umbo la 2412 nililolieleza, lenye upana wa inchi 5. Kata vigezo vitatu vya bati kwa kufuata mchoro huo. Chonga bawa la kwanza, kisha uliweke kando usilitazame, uchonge la pili. Siku ya tatu weka vigezo juu ya yote mawili, uyainue kuelekea dirishani, uangalie kama mwanga unapita kati ya bati na mti, na ni wapi. Mwite kaka yako naye aangalie. Kisha niandikieni nyote wawili mlichokiona.